Fedha na Kilichozidi Fedha: Thamani ya Sarafu za Kale za Afrika Mashariki

Kila sarafu ya fedha hubeba thamani tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile iliyotajwa na dola iliyoitoa: reale moja, rupia moja, shilingi moja. Hiyo hufa siku sarafu inapoondolewa kwenye mzunguko. Ya pili ni thamani ya madini, ambayo haifi maadamu yuko anayenunua fedha. Ya tatu ni kile ambacho mkusanyaji yuko tayari kulipa juu ya madini, na hicho ndicho chenye mambo mengi, kwa kuwa kinaweza kuwa sifuri na kinaweza kuwa mara mia. Kiswahili chenyewe hakitenganishi thamani ya kwanza na ya pili: neno fedha ni madini na ni pesa, tangu enzi ambazo mtu wa Pwani akilipwa alitiwa madini yenyewe mkononi. Ya tatu haikuwa na jina sokoni, nayo ndiyo mada ya mhadhara huu.

Thamani ya madini hupatikana kwa hesabu fupi. Uzito wa sarafu huzidishwa kwa kiwango cha usafi wake, kisha gramu zinazopatikana hugawanywa kwa 31.1, ambazo ni gramu za wakia moja ya masonara, kipimo cha soko la dunia. Reale ya Maria Theresa, ambayo watu wa Pwani waliiita reale ya Sham, ina gramu 28.07 na usafi wa 0.833. Ndani yake mna gramu 23.4 za fedha halisi, yaani robo tatu ya wakia. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba, ya kati ya 1921 na 1946, ina gramu 7.78, lakini robo yake tu ndiyo fedha, kwa hiyo fedha halisi haifiki gramu 2. Reale moja, basi, ina fedha sawa na shilingi za simba 12. Wakia ikiuzwa dola 30 za Marekani, reale ina madini ya dola 22.50 na shilingi ina madini yanayokaribia dola 2. Bei ya wakia ikipanda au kushuka, tarakimu hizi hubadilika nayo, ila uwiano wa 12 kwa 1 hubaki palepale.

Mnunuzi wa madini haangalii ni uso wa nani uliochorwa. Kwake sarafu, kikuku kilichokatika na kijiko kilichopinda ni kitu kimoja, kwa sababu vyote vinakwenda kwenye chungu cha kuyeyushia. Hulipa chini kidogo ya hesabu ile ili afidie gharama ya kusafisha. Zipo pia sarafu zinazopigwa siku hizi makusudi kwa biashara ya madini, kama Maple Leaf ya Kanada na Silver Eagle ya Marekani, kila moja ikiwa na wakia nzima ya fedha. Kinachozidi bei ya madini katika hizo ni gharama ya kuzipiga na faida ya muuzaji.

Mwalimu bora wa somo hili ni reale ya Sham, kwa sababu ina karibu kila sifa ambayo mtu angedhani inaleta thamani, na bado nyingi huuzwa karibu na bei ya madini yake. Ni nzuri kuitazama, imeandikwa mwaka wa kale, jina lake linajulikana kuanzia Vienna hadi Zanzibar, na historia yake ni pana kuliko ya sarafu nyingi duniani. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki Novemba 1780. Baada ya hapo reale yake iliendelea kupigwa na mwaka uleule wa 1780, kizazi baada ya kizazi. Sababu ilikuwa sokoni. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na nchi jirani walikuwa wamekwisha kuizoea sura ile, na aliyeletewa sura nyingine aliitilia shaka au kuikataa. Mpokeaji makini alikagua lulu za bruchi iliyo begani mwa malkia na kupitisha kidole ukingoni. Ukingo una maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, maana yake haki na huruma, yaliyochongwa kuzunguka sarafu nzima. Maneno hayo yalikuwa ulinzi: mwizi akikwangua ukingo ili aibe chembe za fedha, herufi huondoka pamoja na chembe, na sarafu humshitaki yenyewe.

Chini ya kifua cha malkia kuna herufi mbili ndogo, S.F. Ni za maafisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby. Viwanda vilivyofuata viliendelea kuzinakili hata wenyewe walipokuwa wamekwisha sahaulika. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipata kutoka Austria haki ya kuipiga sarafu hii, na Roma ikaanza kuitoa. Uingereza haikukubali kukatiwa biashara. London ikaanza kuipiga mwaka 1936, Paris na Brussels nazo zikaipiga, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata Bombay. Vienna inaipiga hadi leo. Jumla ni mamia ya mamilioni. Kwa hiyo mtu aliyeshika reale ya 1780 huenda ameshika kitu kilichotoka kiwandani miaka 160 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, na mwaka ule haumwambii lolote. Wajuzi huzitenganisha kwa kuhesabu lulu, kulinganisha manyoya ya mkia wa tai na kupima umbo la nukta na herufi. Chache zilizopigwa Maria Theresa akiwa hai, zenye tarehe zake za kweli, hulipiwa vizuri. Zilizobaki ni fedha yenye sura ya malkia.

Kinyume chake ni reale ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, yenye mwaka wa Hijria 1299, ambao ulianguka kati ya 1881 na 1882. Haina uso wa mtu. Pande zote mbili ni maandishi ya Kiarabu. Barghash alitaka dola yake iwe na fedha yake, na azma hiyo inastahili heshima. Lakini bandari zilikuwa zimekwisha gawanywa kati ya reale ya Sham na rupia ya India, na reale ya Sultani haikupata nafasi ya kuzing'oa. Zilizosalia ni chache. Ukiziweka reale hizi mbili mezani, ukubwa unakaribiana na madini yanakaribiana. Moja haina uhaba. Nyingine huonekana mara mojamoja mnadani, na bei yake huiacha mbali bei ya madini. Tofauti yote hiyo haimo ndani ya fedha.

Imo, kwanza kabisa, katika idadi ya zilizosalia. Wengi hukosea hapa kwa kutazama idadi iliyopigwa, ambayo ni jambo jingine. Kati ya kiwanda na mkusanyaji pana tanuri. Kwenye Pwani tanuri hilo lilikuwa la sonara: reale ilikuwa sarafu asubuhi na malighafi jioni, ikigeuzwa mafurungu, vikuku, pete na mikufu ya maharusi. Kwingineko tanuri lilikuwa la serikali. Chini ya sheria ya Pittman ya mwaka 1918, Marekani iliyeyusha dola zake za fedha zaidi ya milioni 270, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ikapelekwa India kuiokoa rupia, ambayo ndiyo iliyokuwa pia fedha ya Mombasa na Zanzibar. Hakuna aliyeandika ni dola za miaka ipi zilizoingia motoni. Ndiyo maana mwaka uliotoa mamilioni ya sarafu unaweza leo kuwa na chache, na mwaka uliotoa chache ukawa nazo nyingi kwa kuwa zilifungiwa stoo.

Mfano mkali ni dola ya mwaka 1903 iliyopigwa New Orleans. Kwa miongo kadhaa iliaminika kuwa karibu zote zimeyeyushwa, na isiyotumika ilithaminiwa kwa zaidi ya dola elfu moja. Mwishoni mwa 1962 hazina ya serikali ilipofungua akiba yake ya zamani, mifuko mizima ya dola hizo ilitoka ikiwa mipya kabisa. Bei ilianguka karibu siku moja. Sarafu hazikuwa zimebadilika hata chembe. Kilichobadilika ni ujuzi wa watu juu ya idadi yake, na ujuzi huo ndio uliokuwa ukilipiwa muda wote.

Afrika Mashariki ilipata somo lake la tanuri mwaka 1920. Bei ya fedha ilipanda mno baada ya Vita Kuu ya Kwanza; Februari mwaka huo London ilifikia peni 89 na nusu za Kiingereza kwa wakia. Rupia, iliyokuwa imefungwa kwenye kiwango cha 15 kwa pauni moja, ikapanda pamoja na madini yake hadi mikataba na mikopo ya Kenya yote ikayumba. Serikali ikaweka florini mahali pa rupia mwaka 1920, na kabla watu hawajaizoea, mwaka 1921 ikaleta shilingi. Florini ile, yenye nusu ya uzito wake fedha, iliishi muda mfupi, na zilizohifadhiwa zikiwa safi hutafutwa sana. Shilingi ilipunguzwa makusudi hadi robo ya fedha, ili madini yake yasiweze tena kuizidi thamani iliyoandikwa.

Shilingi hii ya simba imo bado katika makasha ya nyumba nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Ya 1924 ilipigwa zaidi ya milioni 44. Ya 1923 ilipigwa chache zaidi kwa mbali. Simba ni yuleyule, milima nyuma yake ni ileile, na fedha ndani ni ileile, lakini mkusanyaji anayepanga miaka kwa mfuatano ana nafasi moja tupu ya 1923, na nafasi hiyo ndiyo anayolipia. Tena zipo zenye herufi H, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na zisizo nayo. Herufi moja ndogo inaweza kutenganisha bei mbili. Zile za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa. Ni shaba na nikeli. Inasikitisha kuona mzee ameambiwa na watu kwamba shilingi zake za 1952 ni fedha tupu, akazitunza miaka mingi kwa tumaini hilo, ilhali kusoma mwaka mmoja kungetosha kumwambia ukweli.

Uchache peke yake hautoshi. Lazima awepo anayeitaka, na mapenzi ya wakusanyaji mara nyingi hufuata historia ya nchi zao. Rupia za Kijerumani zenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu hununuliwa sana na Wajerumani, kwao zikiwa sehemu ya historia ya makoloni. Zilizo na jina la kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilitoka 1890 hadi 1902. Zilizofuata, kuanzia 1904, zina jina la koloni, na herufi A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Rupia moja ya kampuni ina gramu 11.66 na usafi wa 0.917, sawasawa na rupia ya India ya Malkia Victoria. Ya Victoria ilipigwa kwa mamilioni mengi na huuzwa si mbali na madini. Ya Kijerumani hupanda juu yake, na ile kubwa ya rupia mbili, iliyopigwa 1893 na 1894 tu, huzipita zote. Vivyo hivyo rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na kampuni ya Kiingereza kabla Kenya haijawa Kenya.

Ushahidi kwamba madini ni sehemu ndogo tu ya habari hii umo katika sarafu isiyo na fedha hata kidogo. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa, karakana ya reli ya Tabora ilipiga heller 20 za shaba. Kwa mwuza vyuma chakavu hazina maana. Wakusanyaji huzitenganisha kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L, zilizonyooka au zilizojikunja, na wapo walioitumia nusu ya maisha yao kuutafuta mchanganyiko mmoja uliokosekana. Jina heller ndilo lililokipa Kiswahili neno hela.

Baada ya idadi na mapenzi huja hali ya sarafu, na hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Kwenye sarafu yoyote zipo sehemu zilizoinuka ambazo huguswa kwanza na vidole, na ndizo huanza kulika: shavu na nywele juu ya sikio la Maria Theresa, tai wa kofia ya Kaisari, manyoya na bega la simba. Sehemu hizo zikiwa kali, sarafu haikutembea sana. Zikiwa laini kama jiwe la mtoni, imepita mikono mingi. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha 1 hadi 70 kwa senti kubwa za shaba za nchi yake, na kipimo hicho kikaenea kwa sarafu zote. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikutumika. Kampuni za PCGS, iliyoanza kazi 1986, na NGC, iliyofuata 1987, hukagua sarafu, huipa namba na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Kati ya 63 na 66 jicho lisilozoea haliwezi kuona tofauti, lakini bei inaweza kuongezeka mara kadhaa, kwa kuwa kila hatua ya juu ina sarafu chache zaidi.

Kinachotafutwa katika hali njema ni ngozi ya asili. Chuma cha kupigia kinapoibana fedha, madini husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo sana. Ukiiinamisha sarafu mpya chini ya taa, mistari hiyo hufanya mwanga uzunguke kama mikono ya saa. Ukishaondolewa, mng'aro huo haurudi. Baada ya miaka, salfa iliyomo hewani hushikana na fedha na kujenga utando, kwanza wa rangi ya asali, kisha buluu, mwishowe mweusi. Mwenye sarafu huuona utando huo kama uchafu, naye kwa nia njema kabisa huchukua majivu na ndimu, au dawa ya meno na kitambaa, akasugua hadi reale ing'ae kama sufuria iliyotoka kuoshwa. Chini ya lenzi ya sonara, uso ule sasa umejaa mikwaruzo iliyonyooka, maelfu, kila mmoja ukielekea upande kitambaa kilikopita. Utando ulioondolewa ulikuwa fedha yenyewe iliyoungana na salfa, kwa hiyo ngozi ya sarafu imeondoka nao. Dakika tano hizo huifuta ziada iliyojengeka kwa miaka mia. Kitobo cha kuvishia mkufu na pete iliyochomelewa ukingoni hufanya vivyo hivyo kwa thamani ya sarafu, ingawa kito kilichofuliwa vizuri na sonara wa Lamu au Zanzibar kina thamani yake kama kito.

Ziada ikishakuwepo, bandia hufuata. Hatua ya kwanza ni mizani, na hatua ya pili ni maji, ambayo kila nyumba inayo. Reale ya Sham hupimwa kavu, kisha huning'inizwa kwa uzi mwembamba na kupimwa tena ikiwa ndani ya maji bila kugusa chini. Mchanganyiko wake wa fedha na shaba una uzito wa karibu gramu 10.2 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo ndani ya maji mizani inapaswa kupungua kwa gramu 2.75 hivi. Bandia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule hupungua kwa gramu 3.15. Sumaku nayo haipaswi kuivuta hata kidogo. Majaribio haya hukamata madini ya uongo tu. Sarafu adimu iliyopigwa upya kwa fedha halali huyapita yote, na hapo huhitajika jicho la aliyeshika nyingi.

Bei ya madini na bei ya mkusanyaji haziendi hatua kwa hatua. Januari 1980 wakia ya fedha ilifikia karibu dola 50, na sarafu za kawaida zikapelekwa kuyeyushwa kwa wingi kwa sababu madini yalikuwa yameimeza ziada yao yote. Reale ya Barghash haiguswi na wimbi kama hilo, kwa kuwa fedha iliyomo ni sehemu ndogo ya bei yake. Fedha ikishuka, ya kawaida hushuka nayo, na ya adimu hubaki ikimsubiri anayeitaka. Subira hiyo ina gharama: madini huuzwa siku yoyote kwa sonara yeyote, ilhali sarafu adimu humhitaji mnunuzi anayeijua, na mnada hukata kamisheni yake.

Sarafu za ukumbusho zinazotolewa moja kwa moja kwa wakusanyaji zina kanuni nyingine. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za fedha za uhifadhi wa wanyama, shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru. Ni kazi nzuri. Lakini sarafu ya namna hii huzaliwa ndani ya kasha lake, na karibu kila mnunuzi huitunza. Tanuri na vidole havikuzipunguza, kwa hiyo hali njema kwazo ni jambo la kawaida. Ndiyo maana anayelipa ziada kubwa siku ya kwanza kwa sarafu ya ukumbusho, ya nchi yoyote ile, mara nyingi huiona bei ikirudi taratibu kuelekea kwenye madini.

Kilichobaki ni utunzaji na kumbukumbu. Hewa ya chumvi ya Pwani na mifuko laini ya PVC huiharibu fedha. Mifuko hiyo hutoa ute wa kijani unaokula uso wa sarafu. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kasha kavu, zinatosha, na sarafu ishikwe ukingoni. Juu ya bahasha huandikwa uzito, kipenyo, mwaka na herufi ya kiwanda, pamoja na mahali na siku ilipopatikana: kasha la bibi Pangani, ukuta uliobomolewa Bagamoyo, akiba iliyochimbwa chini ya mwembe. Sarafu ikishauzwa bila maelezo hayo, hakuna lenzi itakayoweza kuyasoma juu ya fedha.